Sketi Niliyoipunguza Mara Tatu

Fundi cherehani hajipimi. Kutwa nzima anapima watu, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, lakini nguo yake mwenyewe anaishona usiku kwa kukadiria, kwa kitambaa kilichobaki. Nina sketi moja ya bluu niliyoishona hivyo. Mwezi wa tano ilianza kunizunguka kiunoni, nikitembea zipu inahamia mbele. Nikaipunguza inchi moja, nikaendelea na kazi za watu. Mwezi wa sita nikaipunguza tena. Mwezi wa saba nimeiweka chini ya sindano kwa mara ya tatu, fundi mwenzangu akaacha kazi yake akanitazama.

"Dada, hiyo sketi haina kosa. Lete futi."

Akanipima yeye. Inchi 25. Kabla ya masika nilikuwa 29.

Mjini kwetu ukikonda wanaanza kwa kukusifia. Mteja mmoja alitaka nimtajie chai ninayokunywa. Na mimi, niseme ukweli, nilifurahi kidogo. Baada ya mtoto nilikuwa nimenenepa na nilijiambia mwili unarudi wenyewe. Kikohozi nilikuwa nacho tangu mvua za mwezi wa nne, lakini hakikuwa cha kutisha. Asubuhi kipo, mchana kinatulia, jioni kinarudi na homa ndogo, ile ya kukufanya ujitande kitenge wakati wenzako wanajipepea. Usiku nilikuwa natoka jasho la kuloanisha shuka, upande wangu tu. Upande wa baba watoto pakavu. Nikasingizia joto la Dar es Salaam, mwezi wa sita, wakati ambao alfajiri hata makondakta wanavaa masweta.

Duka la dawa nilikwenda mara nne. Mara ya kwanza dawa ya maji ya kikohozi, ya pili amoksilini, ya tatu vile vidonge vitatu vya azithromaisini, ya nne dawa ya maji nyingine ambayo kijana wa dukani aliniapia kuwa ni kali kuliko ile ya kwanza. Kila mara nilipata nafuu ya siku tatu nne, au nilijiambia nimeipata. Hakuna aliyeniuliza nimekohoa kwa muda gani, nami sikusema. Kikohozi kikivuka wiki 2, mtu anatakiwa apime makohozi, ijulikane kama ana kifua kikuu, yaani TB, hata kama anaamka na kwenda kazini kama kawaida. Mimi nilikuwa nimevuka wiki 12.

Kituo cha afya nilichokwenda sikitaji, kwa sababu kosa la siku ile nusu yake lilikuwa langu. Nilipewa kikopo chenye kifuniko, nikaambiwa nitoke nje penye hewa, nivute pumzi mara mbili tatu, kisha nikohoe kutoka ndani kabisa ya kifua. "Si mate, mama. Makohozi." Hapo nje penyewe ni nyuma ya vyoo, mkabala na benchi la kina mama walioleta watoto kliniki. Nilipoona macho yote yananifuata mimi na kikopo changu, nikageukia ukuta, nikatema mate, nikafunika. Kikopo cha pili nilikitoa nyumbani alfajiri, na hicho nilikifanya vizuri kwa kuwa hapakuwa na mtu. Majibu yakaja kuwa hakuna kilichoonekana. Walipima kwa darubini, na darubini inataka vimelea viwe vingi sana kwenye makohozi ndipo vionekane. Nikapewa antibayotiki tena. Nikatoka nimefurahi, njiani nikanunua chipsi.

Siku ya sita nikapigiwa na namba ngeni. Mwanamume, sauti ya upole, akanitajia majina yangu yote matatu. Akasema yeye ni mhudumu wa afya ya jamii, makohozi yangu yamepimwa upya, yana TB, nirudi kituoni. Hapa mjini tumeshawazoea watu wa "ile hela tuma kwenye namba hii." Nikamuuliza ni nani huyo aliyepima upya wakati majibu yangu ninayo kwenye mkoba. Akasita, kama mtu anayejua atachekwa.

"Ni panya, dada."

Nikakata simu.

Akapiga tena, akapiga tena, mwisho akaja mwenyewe fremuni na kitambulisho shingoni, ndipo nikasikiliza. Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafundisha panya buku, hawa hawa wakubwa wenye vifuko mashavuni. Lilianza kwa kuwafundisha kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini, baadaye likahamia pia kwenye makohozi. Vituo kadhaa vinapeleka huko sampuli ambazo zimeshapimwa kwa darubini. Makohozi hupashwa moto kwanza ili vimelea vife, yanapangwa chini ya matundu, panya anapita juu ananusa. Akifika penye harufu ya TB anaganda pale, anakwaruza. Akipatia anapewa ndizi. Vikopo 100 anavimaliza kwa dakika 20 hivi, kazi ya siku kadhaa kwa mtu wa darubini. Vile alivyovitilia shaka vinapimwa tena na binadamu, panya peke yake hamwanzishii mtu dawa. Nyumbani kwetu panya tunawawekea sumu. Tangu siku ile namtazama panya kwa adabu kidogo, ingawa sumu bado naweka.

Kitengo cha kifua kikuu nilipokelewa na nesi wa makamo ambaye humwita kila mtu "mwanangu", hata wazee waliomzidi umri. Kabla ya dawa alinipeleka kupima VVU. Ni utaratibu kwa kila mgonjwa wa TB, kwa kuwa anayeishi na virusi kinga yake ikishuka mara nyingi TB ndiyo inayotangulia kumshika. Mtaani kwetu magonjwa haya mawili yamekuwa jina moja, ukisema TB mtu anakutazama mdomoni atafute vidonda. Zile dakika za kusubiri kipimo nilishona na kufumua harusi yangu nzima kichwani. Kikatoka sina. Nilichojifunza pale benchini ni kwamba mwenzangu niliyekaa naye, aliyekuwa navyo, alianzishiwa dawa za TB na za virusi, na miezi iliyofuata tulinenepa pamoja, tukionyeshana mashavu.

Nilikuwa na kilo 44, kwa hiyo vidonge 3 kwa siku. Kila kimoja kina dawa nne ndani yake, rifampisini, aisoniazidi, pirazinamaidi na ethambuto. Hizo nne kwa miezi 2, kisha miezi 4 ya mbili tu, rifampisini na aisoniazidi. Alfajiri, tumbo tupu, mbele ya mtu aliyeandikwa kwenye kadi yako kuwa msimamizi. Wangu alikuwa baba watoto. Dawa ni bure. Kisicho bure ni nauli, na siku ya kazi inayopotea, na chakula, kwa sababu baada ya wiki chache inakuja njaa ya mtu aliyelima heka mbili. Miguu ilianza kufa ganzi, nikaongezewa vitamini B6. Kisha nesi akaniuliza natumia uzazi wa mpango gani. Nikasema kijiti. "Rifampisini inakila kijiti nguvu, mwanangu, na vidonge vya majira vilevile. Tafuteni njia nyingine mpaka umalize." Nimewaambia hili wanawake wengi tangu hapo, na sijampata hata mmoja aliyekuwa analijua.

Kuhusu mkojo kuwa wa rangi ya chungwa kwa sababu ya rifampisini alinionya. Kuhusu shela hakunionya. Wiki ya tatu nilikuwa natia shanga kwenye gauni jeupe la bibi harusi, mchana wa jua, umeme umekatika. Nikajifuta paji la uso kwa kitambaa cha mkononi, nikakiweka mapajani karibu na lile gauni. Nilipokiangalia kilikuwa na alama za rangi ya chai ya maziwa iliyokolea. Jasho. Nilisimama wima kama niliyechomwa. Kuanzia siku hiyo kazi nyeupe nilizishona nimejifunga taulo jeusi kichwani, na wateja nikawaambia ni mtindo.

Nyumbani kulikuwa na mama mkwe, mtu mwema sana, naye alipambana na TB kwa njia aliyofundishwa enzi zake. Akanitengea kikombe, sahani na kijiko, akavifunga uzi mwekundu ili visichanganyike. Maji ya kuoshea vyombo vyangu aliyamwaga mbali. Lakini usiku mwanangu wa miaka mitatu alilala nami chumbani, dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu, na hilo hakuliona kuwa ni shida. TB haikai kwenye kijiko. Inatoka kifuani mtu akikohoa, akipiga chafya, akiimba, hata akiongea kwa nguvu, inabaki hewani, na mwingine anaivuta. Nesi alimwita mama mkwe, akaongea naye kwa heshima zote za mtu mzima kwa mtu mzima. "Mama, kijiko mrudishie. Dirisha ndilo lifunguliwe, chandarua kipo." Mtoto akapimwa, hakuwa mgonjwa, akaanzishiwa dawa za kinga. Nilikuwa nadhani ile chanjo ya BCG ya siku za kuzaliwa, iliyomwachia kovu begani, ingetosha. Inamkinga mtoto asipate zile TB kali za utotoni, kama ya kwenye ubongo. Haimfungi mtu kifua maisha yake yote. Kovu langu mimi lipo mpaka leo.

Uzi mwekundu kwenye kijiko mama mkwe aliutoa baada ya wiki mbili hivi, kimyakimya, na hatukuwahi kuuzungumzia.

Habari ya fremu ndiyo inayoniuma. Tupo mafundi watatu na binti mmoja anayejifunza kazi kwangu, kwenye chumba chenye mlango mmoja na feni moja. Nyuma palikuwa na dirisha, mwenye nyumba aliliziba kwa matofali baada ya wizi. Asubuhi jua likiingia mlangoni utaona nyuzi nyuzi za vitambaa zinaelea kwenye ule mwanga, hazitui, feni inazizungusha tu. Nilikuwa naziona kila siku kwa miaka sita. Nesi aliponieleza kwamba chembe za TB ni ndogo kuliko hizo, na zinaweza kuelea saa kadhaa mahali pasipo na hewa inayopita, sikuhitaji maelezo zaidi. Miezi mitatu nilikuwa nimekohoa kwenye mwanga ule.

Wenzangu walipimwa mwezi wa nane, wote wazima. Sikutulia. Kimelea kikiingia kifuani hakimwangushi mtu palepale. Watu wengi kinga zao zinakifungia humo na hawaugui kamwe. Kati ya 100 waliokivuta, kama 5 hadi 10 ndio wanaougua katika maisha yao, wengi wao ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Kwa hiyo hata swali langu la "nimeitoa wapi" halikuwa na jibu. Huenda ni daladala la mwaka jana, huenda ni darasa la shule ya msingi. Shangazi yangu yeye alikuwa na jibu: TB ni ya ukoo wetu, babu aliugua.

Kufikia mwishoni mwa mwezi wa tisa nilikuwa mtu mwingine. Kikohozi kimekwisha, jasho limekwisha, makohozi ya miezi miwili yamepimwa hayana kitu, kilo zimefika 50. Ile sketi sikuwa nimekata mishono nilipoipunguza, nilikunjia ndani tu, ni tabia ya fundi bahili. Nikaifumua mara ya kwanza. Nilitamba nayo sokoni.

Hapo ndipo nilipoharibu. Mgonjwa anayekohoa damu hahitaji kukumbushwa dawa. Mtu aliyenenepa, mwenye kazi ya magauni 40 ya kichen pati yanayotakiwa Jumamosi, akiamka saa kumi na moja anaona vile vidonge vyekundu kama deni la mtu mwingine. Siku ya kwanza nilisahau kweli. Ya pili nilikumbuka nikiwa nimeshakunywa chai, nikasema kesho. Ya tatu vikanitia kichefuchefu kwa kuvitazama. Baba watoto alikuwa ameacha kunisimamia muda mrefu, maana na yeye aliona mke mzima. Zilikwenda siku tisa.

Nesi hakuuliza nimemeza au sijameza. Alisema nimwage pakiti mezani, akahesabu, akaandika, akahesabu tena. Vidonge 27 vya ziada. Kwa mara ya kwanza hakuniita mwanangu. Akanieleza kwamba vimelea wepesi, wanaozaliana kwa kasi, hufa wiki za mwanzo, na kufa kwao ndiko nilikokuona kwenye mashavu. Wanaobaki ni wale waliolala. Hawali, hawazaliani, dawa inawapata mmoja mmoja siku wanapojigeuza. Ukiacha njiani wataamka, na baadhi yao watakuwa wameizoea dawa. Hapo siyo vidonge hivi tena, ni TB sugu, dawa nyingine, na zamani ilikuwa na sindano za miezi mingi zilizowaacha watu wengine hawasikii.

Wakati anaongea mimi nilikuwa naiona bobini, ile ya uzi wa chini wa cherehani. Kila fundi limemkuta hili. Unashona pindo refu, mashine inalia vizuri, uzi wa juu unakwenda, kwa juu mshono umenyooka. Kumbe uzi wa chini umekwisha tangu hatua mbili nyuma. Nguo inapokelewa, inalipiwa, inavaliwa, na siku ya shughuli ndipo inapoachia. Nilitoka pale nikiwa sina cha kujitetea. Siku tisa ziliongezwa mwishoni.

Mwezi wa kumi na mbili tukapanda kwetu, kama Wachaga wote. Nilibeba dawa kwenye kopo la kahawa. Babu amevuka miaka 80, anaishi upande wa Siha, na maisha yangu yote namjua kama mzee anayeyumba. Mchana hutembea vizuri. Jua likizama hushika ukuta, hushika migomba, na gizani kabisa hawezi kuvuka uwanja bila mtu. Kijijini wanajua sababu: mbege, pombe yetu ya ndizi. Vijana wamemtungia hadi utani, na yeye amewaacha.

Asubuhi ya pili alinikuta jikoni nikimeza. Akavitazama vidonge mkononi mwangu, akavihesabu kwa kidole.

"Vitatu tu?"

"Vitatu, babu."

"Mpaka lini?"

"Mwezi wa kwanza namaliza. Miezi sita."

Akakaa kwenye kigoda akacheka mpaka akakohoa, kikohozi cha uzee. Katikati ya miaka ya 1960, akiwa kijana ambaye hajaoa, alilazwa Kibong'oto, ile hospitali iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu na ambayo mpaka leo ndiyo hospitali kubwa ya TB nchini. Alichomwa streptomaisini kila siku, makalio yakawa magumu kama ubao, kisha akaendelea na vidonge mpaka mwaka ukaisha na nusu ya mwingine. Mchumba wake wa kwanza hakungoja. Wiki fulani za zile sindano aliamka akaona sakafu inazunguka, na tangu hapo mwili wake hausimami bila macho. Streptomaisini ndivyo inavyofanya, inaweza kuharibu kile kiungo ndani ya sikio kinachoshika mizani ya mwili. Macho yakiona yanasaidia, giza likiingia hakuna msaada. Miaka karibu 60 watu wanamcheka mzee kwa pombe ambayo hakuinywa.

"Mbona hukuwaambia, babu?"

"Mjukuu wangu, mlevi anapata mke. Mwenye kifua hapati."

Shangazi alikuwepo. Habari ya ukoo hakuirudia tena.

Nilirudi Dar nikiwa na swali la kitoto: yeye mwaka na nusu na sindano, mimi miezi sita na vidonge, nani alipunguza? Nikawa nasoma usiku kwenye simu. Robert Koch alimtangaza mdudu wa TB mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, na kwa zaidi ya miaka 60 dunia ilimjua adui bila kuwa na cha kumfanya zaidi ya hewa safi, maziwa na kupumzika. Streptomaisini ilipatikana Marekani mwaka 1943. Aisoniazidi ikafuata mwaka 1952. Hayo yapo kila mahali. Ambalo sikuwahi kufundishwa shuleni ni kwamba miezi sita yenyewe ilithibitishwa huku kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 madaktari wa Afrika Mashariki wakishirikiana na baraza la utafiti wa tiba la Uingereza waliwagawa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia katika makundi. Kundi moja lilipewa tiba ya kawaida ya miezi 18, mengine miezi 6 tu, yakiwa na michanganyiko tofauti. Kisha wakawangoja, waone ugonjwa utawarudia akina nani. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972. Kwenye kundi lililopata rifampisini ndani ya mchanganyiko, waliorudiwa walikuwa wachache sana. Kwenye yale ya miezi 6 yasiyokuwa na rifampisini wala pirazinamaidi, walirudiwa wengi.

Niliisoma hiyo sentensi ya mwisho mara nyingi. Hao wengi walirudiwa ili ijulikane mchanganyiko upi unatosha. Walikuwa watu wa kwetu, wenye mashamba na wachumba, na majina yao hayapo popote ninapoweza kuyasoma. Nami nilikuwa nimeacha vidonge 27 kwenye droo kwa ajili ya kichen pati.

Hata ile tabia ya nesi ya kuhesabu ina historia ya hapa. Tanzania ilianza mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na aliyesaidia kuujenga ni daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, ambaye mwenyewe aliugua TB akiwa mfungwa kwenye kambi ya Mauthausen wakati wa Vita Kuu ya Pili. Darubini wilayani, daftari la wagonjwa, dawa zisizokatika, mtu wa kukuona ukimeza, kurudia kupima ili ijulikane umepona au hukupona. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likauchukua mtindo huo na kuusambaza kwa jina la DOTS. Kwa hiyo daftari lile la nesi wangu, lenye jalada lililoshikiliwa na plasta ya kidonda, dunia ililiiga kutoka kwetu.

Nilimaliza mwanzoni mwa mwezi wa pili, pamoja na siku zangu tisa za adhabu. Makohozi safi, kilo 54. Nesi akagonga muhuri kwenye kadi, akaniambia "haya mwanangu, nenda," akamwita anayefuata. Nilikuwa nimembebea zawadi ya kitenge na sikupata hata nafasi ya kukifungua.

Mwenye fremu nilimwomba dirisha mara tatu. Mara ya tatu nilimwambia nalibomoa kwa gharama zangu na nondo naweka mimi, akakubali kwa sharti kwamba kodi haipungui. Sasa hewa inapita kutoka nyuma hadi mlangoni, na vumbi la barabarani linapita nayo. Kazi nyeupe tunazifunika kwa nailoni. Fundi mwenzangu analalamika kila siku, halafu kila asubuhi ndiye anayelifungua.

Yule binti anayejifunza kazi kwangu alianza kukohoa mwezi wa kumi na moja. Nilimpeleka mwenyewe, siku ya nane tu ya kikohozi, sikungoja wiki mbili zitimie. Makohozi alitoa nikiwa nimesimama mbele yake na khanga nimeitanua kama pazia, watu wasimwone. Walimkuta nayo. Alilia, nami nililia, na kila nikikumbuka ule mwanga wa mlangoni na zile nyuzi najua kilichotokea, ingawa nesi anasema hakuna wa kuthibitisha. Anamezea fremuni, saa moja na nusu, mbele yangu. Jumapili tu ndiyo anajisimamia.

Juzi ameingia anacheka, amejishika kiuno. Sketi yake ya kazini imembana, zipu haifiki juu, anaomba nimfumulie kabla ya wateja hawajaja. Amebakiza miezi mitatu.

"Dada, mimi mbona nimeshapona."

Nimeipokea sketi. Nikamwambia alete na pakiti ya dawa, tuhesabu.